Kisima Ndani ya Harimu

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, Msimamizi alikuwa akiweka sinia la shaba katikati ya sabla yake, yaani baraza ya wanaume iliyo mbele ya nyumba, na kumimina juu yake kokwa za tende alizozihifadhi ndani ya kopo la kahawa. Kokwa moja ilisimama badala ya mitambo kumi ya kuchimba mafuta. Alizigawa kwa mafungu, kila fungu na jimbo lake la Marekani, kisha akavaa miwani, akaitazama simu yake, na kutusomea hesabu iliyotoka huko usiku wa kuamkia siku hiyo: mitambo mingapi inachimba wiki hii katika miamba ya Texas, mingapi imesimamishwa, mingapi imeongezwa. Palipopungua, aliondoa kokwa akairudisha koponi. Palipozidi, aliongeza. Hakuna aliyeruhusiwa kunywa kahawa kabla ya hesabu kwisha.

Mgeni angeweza kuona kuwa huo ni mchezo wa mstaafu asiye na kazi. Haukuwa mchezo. Nusu ya tuliokaa pale, hapa Ibra nchini Oman, tulikula kwa mafuta, ama sisi wenyewe ama watoto wetu. Kila kokwa iliyoongezwa kwenye sinia lile ilikuwa na maana ya mafuta mengi zaidi sokoni, bei kushuka, na pengine mtambo mmoja wa jangwani kwetu kupelekwa kuegeshwa pamoja na watu wake.

Ninaandika habari zake, nami nimejizuia kwa muda mrefu, kwa sababu ya kisima kimoja. Hakikuwa cha mafuta wala hakikuwa Marekani. Kilikuwa nyuma ya nyumba yake, si mbali na kisima mama cha falaji yetu, mfereji wa kale unaonywesha mashamba ya wote, na kwa ajili yake mitende ya mjane mmoja ilianza kukauka. Asiyejua aliyoyasema na kuyafanya mtu yule kabla ya hapo hawezi kupima uzito wa kosa lake, wala uzito wa alichokifanya baadaye.

Asili na nasaba yake sizielezi. Hapa kwetu kila mtu anazijua za mwenzake kuliko inavyofaa. Yatosha kusema kuwa alizungumza Kiswahili cha Unguja cha zamani, kwamba Kiarabu alikitumia kuamrisha na Kiswahili kufikiri, na kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini aliwasimamia watu wanaochimba visima vya mafuta katika jangwa lililo kusini ya Nizwa na Manah, wiki mbili kazini na wiki mbili nyumbani. Cheo chake cha kazini kikawa jina lake. Hata mkewe, Mungu amrehemu, akimwita Msimamizi mbele za watu.

Sikio lake la kushoto liliuawa na injini. Kwa hiyo alisema kwa sauti ya mtu aliyesimama juu ya mtambo unaonguruma, na siri haikuweza kukaa nyumbani mwake. Akipita penye shimo lolote, hata la bomba la maji machafu lililofukuliwa na watu wa baladia, yaani manispaa, alishuka garini, akachota udongo, akausugua kwa kidole gumba na kuugusa kwa ulimi. Nasri, mtoto wa jirani yake Bi Zuwena, alikuwa na tabia ya kumtania.

"Ami, leo una chumvi?"

"Chokaa," angejibu bila kugeuka. "Chumvi iko kwako wewe, ndiyo maana huozi."

Aliichukia dhana kuliko uongo. Mtu akianza maneno yake kwa kusema nadhani, alimkatiza na kumuuliza kama amepima. Mimi ni mwalimu wa historia, na katika kazi yangu dhana ni chakula cha kila siku. Kwa hiyo nilikatizwa mara nyingi. Sikulalamika. Katika miji yetu wako wazee wengi wanaoheshimiwa kwa ndevu tu, na mmoja anayedai ushahidi ni neema.

Lakini kilichomtukuza machoni petu ni namna alivyoshika zamu yake ya maji. Falaji yetu, kama zilivyo zote, huanza katika kisima mama kilicho chini ya mlima. Maji hupita katika handaki lililochimbwa na mababu, hutokeza penye mfereji wa wazi, na hugawiwa kwa muda: mtu huyu nusu saa, yule saa, kila baada ya siku kadhaa, zamani kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, sasa kwa saa ya mkononi. Anayefungua mlango wake dakika moja kabla ya zamu amemwibia aliye juu yake, na anayechelewa kuufunga amemwibia aliye chini. Mara moja jirani mmoja alisafiri kwenda Muscat, na kwa makosa ya mfanyakazi maji yake yakaingia shambani kwa Msimamizi kwa robo saa. Jirani aliporudi, Msimamizi alimkatia robo saa kutoka katika zamu yake mwenyewe. Jirani akasema amesamehe. Msimamizi akamjibu kwamba msamaha ni wa jirani na maji ni ya shamba la jirani, kisha akaenda kufungua mlango.

Kwa falaji hiyo hiyo ndivyo alivyotufahamisha soko la mafuta la dunia. Mataifa yanayouza mafuta, alituambia, ni kama watu wa falaji moja. Yamekaa yakagawana: huyu atoe kiasi hiki, yule kiasi hiki, ili bei isivunjike. Wapo wanaoiba zamu, lakini zamu ipo, na Oman nayo ilikuja ikaingia katika mapatano ya kupunguza. Sasa anatokea mtu ambaye hakai katika baraza ya wenye zamu. Ana mwamba wake mkavu, mgumu, wenye mafuta yaliyobanwa ndani kama unyevu ndani ya tofali, na wenye kazi huuita shale. Zamani haukuwa na faida. Yeye akagundua namna ya kushuka wima, kisha akakata kona kule chini na kwenda kwa ubavu masafa marefu, akaupasua mwamba kwa maji na mchanga, mafuta yakatoka. Hachimbi ardhi ya mtu. Lakini anauza katika soko lile lile, na kila pipa analolitoa linashusha maji katika mfereji wa wengine.

"Falaji ina harimu," alisema mara nyingi. Harimu ni ile ardhi inayouzunguka mfereji wa chini na kisima mama, ambamo mtu yeyote, hata kama ardhi ni yake, haruhusiwi kuchimba kisima kwa sababu atayavuta maji ya wote. "Soko halina harimu. Ndilo tatizo la dunia hii, nawaambia. Halina harimu."

Nilizinukuu kauli hizo darasani. Wanafunzi wangu waliojifunza uchumi kwa Kiingereza walikiri kuwa hawajawahi kuuelewa vizuri hivyo.

Pamoja na hayo, alikosea jambo kubwa, naye alikosea kwa kupima. Bei ilipoanguka vibaya, na mataifa makubwa yakakataa kupunguza ili kuwakaba Wamarekani, mitambo mingi ya huku iliegeshwa. Nasri, ambaye wakati huo alikuwa amepanda mpaka kuwa mchimbaji msaidizi, alirudishwa nyumbani na kampuni yake. Akapata nafasi ya kazi Sur, penye gesi, akaja kumwomba ushauri Msimamizi. Msimamizi alimchorea juu ya karatasi: kisima cha shale hutoa kwa nguvu mwaka wa kwanza, kisha hushuka kama jiwe. Mwaka wa pili ni nusu ya nusu. Kwa hiyo, alisema, hawa watakauka wenyewe, bei itapanda, na mtambo wako utakuja kukuchukua mlangoni. Subiri.

Nasri akasubiri. Kule Sur nafasi ikajazwa na mtu mwingine. Visima vya Marekani vilishuka sawasawa na alivyosema Msimamizi, lakini kila kimoja kiliposhuka, walichimba kingine pembeni yake, kwa haraka zaidi na kwa gharama ndogo zaidi kuliko cha kwanza. Kokwa zilipungua mwaka ule, kisha zikarudi, na mtambo wa Nasri ukabaki kuota kutu. Alikaa karibu miaka miwili akiendesha teksi baina ya Ibra na Al Kamil kabla ya kuajiriwa Sur kwa daraja la chini ya lile alilopewa mwanzo. Akahamia huko na mkewe. Mama yake mjane, Bi Zuwena, akabaki peke yake na mitende kumi na miwili na mlimau mmoja, katika shamba lililo mwisho kabisa wa mfereji.

Jumamosi iliyofuata baada ya Nasri kuhama, Msimamizi alisimama mbele yetu kabla ya kuhesabu. Alisema kwamba amemharibia kijana wa watu miaka miwili. Alisema, "Nilihesabu kisima, sikuhesabu wachimbaji." Kisha akaketi na kusoma hesabu kama kawaida. Nimekaa na watu wenye elimu na vyeo katika maisha yangu, wala sijamwona mwingine aliyekiri kosa lake mbele ya baraza bila ya kulitafutia mshirika.

Kwa hiyo kisima kilipokuja, hakuna aliyekitazamia.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kisima cha kale kilichokauka zamani sana, kimefunikwa kwa bati. Kilikuwa ndani ya harimu, lakini kwa kuwa kilikuwa kimekufa, hakuna aliyekijali. Mkewe alipofariki, Msimamizi alianza kupanda: majani ya mbuzi, mipapai, safu nzima ya milimau. Zamu yake haikutosha. Akaomba kibali cha kukisafisha kisima kile, akapewa cha kusafisha tu. Lakini alipofika chini na kuonja udongo, hakuweza kujizuia. Alikizamisha zaidi, na katika kina kile akatoboa matundu matatu ya ubavuni, marefu, kuelekea upande wa mlima. Kitu alichokilaumu kila Jumamosi alikifanya kwa mkono wake, kwa vipimo vyake, na alikifanya vizuri mno. Maji yalikuja. Naye, kwa sauti yake ile, alitusimulia sisi wote, akatuchorea juu ya sinia kwa kidole matundu yalivyokwenda. Tulimsifu. Mimi nilimsifu.

Hapo ndipo lawama yangu inapoanza, kwa sababu mimi ndiye wakili wa falaji, mwenye dhamana ya mgao na ulinzi wake. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyenipendekeza kwa watu. Penye mlango wa mfereji kuna jiwe lenye alama, na kabla ya mwaka kutimia maji yalikuwa yameshuka vidole viwili. Sisi wa juu hatukuumia. Maji yanapopungua nguvu, hunywewa na udongo njiani, na anayekosa ni wa mwisho. Makuti ya Bi Zuwena yalianza kuwa manjano kuanzia chini. Alinijia mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia kuwa mvua hazijanyesha. Mara ya pili nilikwenda kwa Msimamizi.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanimiminia kahawa na kunisogezea halwa. Nilikunywa vikombe viwili kabla ya kufungua mdomo.

"Ami, maji yameshuka vidole viwili tangu ulipokifungua kile kisima."

"Mvua hamna."

"Mwaka juzi pia haikuwapo, na maji hayakushuka."

"Kisima kile kilichimbwa na watu waliokufa kabla hujazaliwa," alisema. "Mimi sikuchimba. Nimezamisha."

"Na matundu ya ubavuni?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe, Ami. Ulituchorea hapa."

Aliangalia sinia, kisha akaniambia kwamba kama nina mashitaka niyaandike, kwa kuwa mimi ni wakili, naye atajibu. Nilirudi nyumbani. Sikuandika. Nilijiambia kuwa ni mtu mzima, ana huzuni ya mkewe, na mitende kumi na miwili si msitu. Mtu anayefundisha historia hatakiwi kukumbushwa kuwa maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyoangusha mambo makubwa kuliko mitende.

Alichoshindwa wakili alikifanya mjane. Jumamosi moja, kokwa zikiwa tayari zimeshapangwa, Bi Zuwena alikuja akasimama mlangoni mwa sabla. Wanawake wa umri wake hawaji pale. Wanaume walianza kujisogeza ili wampe heshima, naye akawaashiria wakae.

"Msimamizi," alisema, "Jumamosi zote wawasomea hawa namna Wamarekani wanavyowanyonya wenzao chini kwa chini. Leo wasomee na wako. Mtambo mmoja tu, hauchoshi kuhesabu."

Msimamizi aliweka mkono sikioni. "Sikusikia, Bi."

"Umesikia. La kulia zima."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza upesi. Bi Zuwena hakumtazama.

"Mwanangu ulimwambia asubiri, akasubiri mpaka akenda zake Sur. Na mitende nayo waiambia isubiri?"

Akageuka, akaondoka polepole kama alivyokuja. Msimamizi alikuwa ameshika kokwa moja mkononi. Hakuiweka katika fungu lolote. Baada ya muda tulinyanyuka mmoja mmoja, na siku hiyo kahawa haikunywewa.

Jumamosi tatu mlango wa sabla ulifungwa. Wengine walisema amekasirika, wengine kwamba anaumwa. Yote mawili yangeweza kuwa kweli. Siku ya Alhamisi, asubuhi, alinipigia simu na kuniambia nije, na safari hii nisitarajie kahawa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kiti cha plastiki karibu na kisima, mkongojo umelazwa mapajani. Alikuwa amekonda. Pampu ilikuwa imetolewa, imelala juu ya turubai. Wafanyakazi wawili wa Kibangali walikuwa wakiinua ndoo za saruji, na yeye akiwaamrisha kwa sauti ile ile ya juu ya mtambo. Alinieleza hatua kwa hatua, kama mwalimu kwa mwanafunzi mzito. Kisima hakifungwi kwa kutupiwa mawe juu. Kwanza huzibwa matundu ya ubavuni, moja moja, kwa saruji inayosukumwa kwa mti mpaka ikatae. Kisha hujazwa changarawe safi, kisha saruji tena, kisha husubiriwa, kisha hujaribiwa. Alisema kule Marekani wako wanaochimba, wakamaliza, wakaondoka na kuviacha visima vimeachama. Alilisema hilo kwa dharau ya fundi, si ya hakimu.

Saruji ya ndani ilikuwa na siku tano. Akaagiza chuma kizito kifungwe kamba na kushushwa.

"Sikio langu halifai kwa kazi hii," aliniambia. "Inama usikilize. Kinagonga kavu au kinagonga maji?"

Niliinama penye ukingo. Chuma kilishuka, kikagonga.

"Kavu, Ami."

"Umesikia, au wadhani?"

"Nimesikia."

"Rudieni."

Walirudia mara tatu. Mara zote nilisema kavu, na mara zote aliniuliza swali lile lile. Aliporidhika, aliwaambia wajaze mpaka juu.

Nikamuuliza kwa nini hakukubali siku ile nilipomjia. Alijibu bila kunitazama.

"Siku ile ulikuja ukanywa kahawa yangu vikombe viwili. Wakili akija kumshitaki mtu hanywi kahawa yake. Ulikuwa umeshanisamehe kabla hujasema, na mimi nilijua."

Kisha, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kuzisikia kwake, aliongeza kuwa alikipenda kisima kile. Miaka thelathini amechimba vya watu, alisema, na hicho kilikuwa chake.

Sitaki kuipamba habari hii. Mitende mitatu ya Bi Zuwena ilikuwa imeshakufa, nayo ilikatwa. Tisa ilipona, na mlimau. Maji yalipanda kidole kimoja katika miezi iliyofuata. Cha pili hakikurudi, na hakuna anayejua kama kilichukuliwa na kisima au na ukame. Safu ya milimau ya Msimamizi ilikauka yote, wala hakuomba maji ya mtu. Yeye mwenyewe hakuuona msimu wa tende uliofuata.

Lakini aliiona Jumamosi moja zaidi, na hiyo ndiyo siku niliyomwona kwa mara ya mwisho akiwa amekaa. Sabla ilifunguliwa. Kando ya mlango, upande wa ndani, kilikuwa kimewekwa kiti, na Bi Zuwena amekikalia, buibui lake limekunjwa vizuri magotini, kama mtu aliyealikwa. Msimamizi alimimina kokwa, akazigawa kwa mafungu, akavaa miwani na kusoma. Wamarekani walikuwa wameongeza. Akatia mkono koponi, akatoa kokwa moja, akaiweka katika fungu la Texas, akalitazama.

Halafu akatia mkono mfukoni mwa kanzu na kutoa nyingine. Nadhani ilikuwa ile aliyoishika siku Bi Zuwena aliposimama mlangoni, ingawa hilo sikulipima.

"Na Ibra," alisoma, kwa sauti ile ile aliyosomea Texas, "mtambo mmoja umesimamishwa."

Hakuirudisha koponi, ambamo kokwa hutoka tena wiki ijayo. Aliitia katika ndoo iliyokuwa karibu naye, yenye kokwa zilizolowekwa kwa ajili ya mbuzi, akapangusa mkono wake kwa leso.

Tulimngoja aseme zaidi. Bi Zuwena ndiye aliyegeuza uso kuelekea kwetu sisi wanaume.

"Haya, hesabu imekwisha," alisema. "Leteni kahawa."